Mkanda mmoja, rangi mbili?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani mjini Jinja. Nilikata mikanda miwili ya kijivu kutoka jora moja, mmoja wa gomesi (gauni la kina mama wa Uganda lifungwalo mkanda) nyeusi na mwingine wa gomesi nyeupe. Mama aliyeniagiza akashikilia kwamba nimetumia vitambaa tofauti. Je, macho yake yana kasoro?

JIBU: Hayana, ndugu fundi. Jicho halipimi mwanga kama mizani ipimavyo sukari; hulinganisha kila sehemu na zile zinazoizunguka, na ndiyo sababu kijivu kilichozungukwa na weusi huonekana chepesi, ilhali kilichozungukwa na weupe huonekana kimekolea. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha kufuma mapazia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipolalamikiwa kuhusu nyuzi nyeusi zilizofifia, aligundua kwamba kosa lilitokana na rangi za jirani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1839.

Umbali nao una neno lake, na kwangu hili ndilo la ajabu zaidi. Mwaka 1977, mwanasaikolojia Mmarekani Alan Gilchrist alionyesha kwamba karatasi ileile, ikidhaniwa iko karibu penye mwanga hafifu, huonekana karibu nyeupe, lakini ikidhaniwa iko mbali penye mwanga mkali, huonekana karibu nyeusi, ingawa mwanga unaofika jichoni haujabadilika.

Mteja akirudi, toboa matundu mawili kwenye kadi, uilaze juu ya gomesi zote mbili ili mikanda pekee ionekane, kisha umwache atazame mwenyewe.