"Maji baridi" ni maji gani?

SWALI: Ninaandika mwongozo wa kupanda na kupika salikonia, ule mmea wa pwani wenye vijitawi vya pingili, vinene na vya kijani, vyenye ladha ya chumvi. Kwenye mbegu nimeandika "tumia maji baridi". Kwenye mapishi nimeandika "ukiepua, tumbukiza kwenye maji baridi". Msomaji mmoja amemwagilia trei ya mbegu maji ya friji. Je, Kiswahili changu kina kosa?

JIBU: Kila sentensi, ikisomwa peke yake, ni sahihi. Tatizo ni kuziweka katika mwongozo mmoja.

"Maji baridi" hupata maana kutokana na kinyume chake. Yakitajwa pamoja na maji moto, tunazungumzia joto. Yakitajwa pamoja na maji chumvi, tunazungumzia maji ya mvua, mito na maziwa, hata kama yameshinda juani mpaka yakawa vuguvugu. Ndiyo maana sato na sangara huitwa samaki wa maji baridi, na hakuna anayefikiria barafu. Mwongozo wako una vinyume vyote viwili, bahari na sufuria, kwa hiyo msomaji wako alikuwa na haki ya kuelewa alivyoelewa.

Wapo watakaokushauri uandike "maji ya baridi" unapokusudia ubaridi. Mimi siutegemei ushauri huo, kwa kuwa wasemaji wengi huitia au kuiacha hiyo "ya" bila kubadili maana. "Maji matamu" ni msemo mzuri, tena wa zamani, ila katika maandishi ya mapishi unaweza kumfanya mtu afikirie sukari. Kwenye mbegu andika "maji yasiyo na chumvi". Ni maneno mengi kidogo, lakini hapa yanastahili nafasi yake: salikonia iliyokua huweza kunyweshwa hata maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, ilhali mbegu yake ni dhaifu. Chumvi ikiwa kali, mbegu hushindwa kufyonza maji ya kuiwezesha kuota. Miche ikishashika ndipo chumvi huongezwa kidogo kidogo.

Kwenye mapishi andika "maji ya barafu". Hayo hayana utata, na ndiyo hasa yanayotakiwa: vijitawi vichanga huchemshwa dakika moja au mbili tu, kisha hupozwa haraka ili visipoteze rangi ya kijani.

Nimeona pia umeandika kwamba salikonia "huvumilia chumvi". Kitenzi hicho kinaifaa zaidi shayiri, ambayo huishi na chumvi kiasi lakini haiihitaji. Kuvumilia ni kukaa na jambo linalokuudhi. Salikonia hukua vizuri zaidi penye chumvi ya wastani kuliko pasipo na chumvi kabisa, kwa hiyo sema "hustawi penye chumvi".

Na pale ulipoandika "usitie chumvi" wakati wa kupika, badilisha iwe "usiongeze chumvi". "Kutia" kunamfanya mpishi adhani chakula hakina chumvi, na huenda akaitia mezani. "Kuongeza" kunamjulisha kwamba chumvi tayari imo ndani ya mmea wenyewe.