Majina ya Ugiriki ya Kale: Shika Ukoo Kwanza

Juzi msomaji ameniandikia: "Dada, nasoma historia chuoni na haya majina yananichanganya. Aegina ni mtu au ni mahali?" Mdogo wangu, ni vyote viwili, na utamu wote uko hapo.

Nilipoanza kuyasoma, mwalimu mmoja aliniambia mbele ya darasa kwamba napoteza muda kwa hekaya. Iliniuma, na bado inaniuma. Sikuacha. Nilishika ukoo mmoja tu, wa Asopos, mungu wa mto, na leo wanafunzi wa chuo wananiuliza mimi. Binti zake ni Thebe, mwenye jina la mji wa Thebes. Aegina, aliyechukuliwa na Zeus, mfalme wa miungu, hadi kisiwa kinachoitwa kwa jina lake. Salamis, jina la kisiwa pia, aliyechukuliwa na Poseidon, mungu wa bahari. Na Korkyra, ambaye kisiwa chake watalii wanakiita Corfu. Aegina akamzaa Aiakos.

Hekaya? Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia kwamba mwishoni mwa karne ya 6 KK, Thebes ilipopigwa na Athens, ilituma watu Delphi, hekalu walikouliza shauri la mungu, wakaambiwa waombe msaada kwa walio karibu nao zaidi. Wakashangaa, maana majirani zao walikuwa tayari wanapigana upande wao. Ndipo mmoja akakumbuka: Thebe na Aegina ni ndugu! Wakaenda kuomba. Aegina ikawapa wana wa Aiakos, mashujaa waliokwisha kufa lakini wakiaminiwa bado kusaidia vitani. Thebes ikaingia vitani nao, ikapigwa tena, ikawarudisha na kuomba watu hai. Aegina ikaenda kweli, ikashambulia pwani ya Athens. Vita halisi, kwa undugu wa mabinti wa mto.

Na mwaka 480 KK, kabla ya kupigana na Waajemi Salamis, Wagiriki walituma merikebu Aegina kumfuata Aiakos na wanawe.

Kwa hiyo acheni kukariri orodha, jamani. Shikeni ukoo. Kila ukikuta jina la mji, uliza: binti wa nani, mke wa nani, mama wa nani? Usipite hivi hivi. Uliza ukoo!

Wiki hii chukua Sparta. Ni binti wa Eurotas, mto unaopita pale pale, na mumewe ni Lakedaimon, jina la nchi yenyewe. Mama mkwe wake ni Taygete. Sasa fungua ramani, tazama mlima ulio magharibi ya mji unaitwaje.