Televisheni ndani ya tela: betri yako ina saa ngapi?

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi na kikosi cha kuchimba visima katika wilaya za Bahi, Chamwino na Chemba mkoani Dodoma, na makazi yetu ni tela lenye vitanda vinne linalovutwa na lori kutoka kijiji hadi kijiji. Kisima huchimbwa palipo na dalili za maji, wala si pale nguzo za umeme zinapopita, kwa hiyo taarifa ya habari ya saa mbili usiku na mpira wa mwisho wa juma tunavitazama kwa nguvu ya betri. Mambo mengi ninayoyaeleza hapa niliyajua baada ya kuyakosea.

Kosa la kwanza lilikuwa kuchukua umeme kwenye betri za lori. Lori letu ni la volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, nasi tukabana klipu zetu kwenye betri moja tu ili tupate volti 12 za televisheni. Jioni hiyo walikuwa wanacheza watani wa jadi, na hakuna aliyekumbuka betri mpaka asubuhi, lori lilipokoroma mara moja na kunyamaza. Tulisubiri hadi alasiri trekta la mkulima wa ufuta lituvute. Ubaya wa kunyonya betri moja kati ya mbili hauishii hapo, kwa sababu injini ikiwaka huchaji zote kwa pamoja, ile iliyojaa ikazidishiwa na ile iliyopungua isifikie kiwango chake, na baada ya muda zote mbili huharibika. Televisheni ipewe betri yake yenyewe, isiyohusiana kabisa na kuwasha injini.

Sasa tuje kwenye hesabu. Televisheni yetu ni ya inchi 24 na hutumia wati 28. King'amuzi, pamoja na kichwa cha dishi kinachopata umeme kupitia waya wa king'amuzi hicho hicho, hutumia wati 12. Jumla ni wati 40, ambazo kwa volti 12 ni takriban ampea 3.3. Betri ya maji ya ampea-saa 100, yaani kama ampea moja kwa saa 100, haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake kama unataka idumu, hivyo una ampea-saa 50, sawa na saa 15 za kutazama. Hizo ni jioni tatu au nne bila jua.

Hata hivyo, mwanzoni hatukupata saa hizo 15, kwa kuwa tulikuwa tunatumia inveta ya wati 1,000. Inveta huchukua volti 12 na kuzipandisha hadi 230, kisha adapta ya televisheni huzishusha tena hadi 12, na katika kupanda na kushuka huko umeme hupotea kama joto. Zaidi ya hayo, inveta kubwa hula wati kadhaa hata ikiwa haina mzigo wowote. Nilipopima, betri ilikuwa ikitoa ampea 4.8 badala ya 3.3, maana yake saa 15 zilikuwa zimebaki kumi na kidogo. Ushauri wangu ni kwamba usinunue inveta kabla hujasoma maandishi ya nyuma ya televisheni na ya adapta ya king'amuzi. Ukikuta vyote viwili vinapokea volti 12, huihitaji inveta hata kidogo.

Ukiunganisha moja kwa moja, angalia mambo mawili. Betri inapochajiwa na sola, volti zake hupanda hadi 14.4, na si kila televisheni huvumilia hilo, kwa hiyo pitisha umeme kwenye kifaa kidogo cha kutuliza volti, kinachotoa 12 zisizoyumba. Pili, hakikisha chanya na hasi haviingiliani. Niliwahi kuunguza king'amuzi kwa kuunganisha kinyume gizani, tochi ikiwa mdomoni, na nilikilipia mwenyewe.

Waya nao hudharauliwa sana. Kwa mita tano kutoka kwenye betri tulitumia waya mwembamba wa spika, wa milimita za mraba 0.75, na televisheni ikawa inazima wakati betri bado ina nusu, kwa sababu karibu volti 0.8 zilikuwa zinapotelea njiani. Tulipoweka waya wa milimita za mraba 4, upotevu ulishuka hadi chini ya volti 0.2. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Betri yenyewe, ikiwa ni ya maji, ikae nje ya chumba cha kulala kwenye sanduku lenye matundu, maana inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Kuhusu kuchaji, paneli moja ya wati 100 inatutosha kiangazi chote, ingawa Januari mawingu yakitanda hupunguza kutazama. Shida ya Dodoma ni kivuli. Hakuna mtu mwenye akili atakayeegesha tela juani saa saba mchana wakati mbuyu upo, na paneli iliyofungwa juu ya paa chini ya mbuyu haifanyi kazi ya maana. Sisi tuliing'oa paani, tukaiwekea waya mnene wa mita 10, na sasa huwekwa juani huku sisi tukibaki kivulini, ikizungushiwa miiba kwa sababu mbuzi wa Kigogo hupenda kupanda juu yake.

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchaji na vyombo vyote vikiwa vimezimwa, napima betri: volti 12.7 ni imejaa, 12.2 ni nusu, na chini ya hapo jioni hiyo tunasikiliza redio. King'amuzi nacho huchomolewa kabisa usiku, kwani kuzima kwa rimoti hukiacha kikiendelea kula umeme hadi alfajiri.