Banda la Kuku: Hela Yako Iende Chini, Siyo Juu

Msomaji mmoja wa Kigamboni ameniandikia wiki hii. Aliamka akakuta kuku wake wote wamekufa ndani ya banda, wengine hawana vichwa, mlango umefungwa vilevile alivyoufunga jioni na wavu haujakatwa popote. Anauliza: "Dada, huyu kicheche kapita wapi?" Mwishoni kaniuliza kama aachane na ufugaji.

Usiache, mdogo wangu. Kapita chini. Nenda kapige magoti nje ya mlango wa hilo banda, upapase kwa mkono pale ubao unapokutana na ardhi, utapaona.

Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu yalinikuta hapahapa Chanika. Banda langu la kwanza alinijengea fundi aliyesifiwa mtaa mzima, na kwa macho lilipendeza kweli. Mirunda imenyooka, bati jipya la rangi linaonekana toka barabarani, wavu wa kuku umezungushwa pande zote. Nilimuuliza habari ya msingi, akanijibu kuku siyo ng'ombe, msingi wa nini? Nikaweka mitetea ya kienyeji, machotara kadhaa, na jogoo wa kuchi ambaye mama mkwe wangu alikuja naye kwenye basi kutoka Tanga, kamtia ndani ya tenga. Anayewajua kuchi ananielewa: shingo ndefu, kifua mbele, anatembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake.

Ikaingia masika. Maji ya kwenye bati yakawa yanamwagikia mlangoni, yakachimba udongo chini ya ubao mpaka pakapatikana uwazi wa kupitisha ngumi. Ngumi tu, basi. Asubuhi nikakuta manyoya yamenasa kwenye wavu, maranda yamelowa damu, mitetea imelala ovyo, shingo zimetafunwa na nyama haijaguswa. Kicheche akiwakuta kuku wamefungiwa hawana pa kukimbilia, haui mmoja akashiba akaenda zake. Anaua kila kinachopapatika. Na kuku gizani haoni vizuri, hukaa palepale alipo. Kuchi wangu nilimkuta karibu kabisa na mlango.

Nililia, wala sioni haya kusema. Kilichonikaa moyoni zaidi ni yule fundi kuniambia kwenye simu kuwa hiyo ni bahati mbaya, na jirani mmoja kupita akisema watu wa ofisini wangebaki na ofisi zao. Maneno yale ninayo mpaka leo.

Habari za kukopa kikoba na kusubiri tofali zikauke sitawachosha nazo. Muhimu ni kwamba nilimpata fundi mwashi mwingine, mzee wa makamo anayeishi upande wa Pugu. Nilipompeleka kiwanjani hakuniuliza nataka kufuga kuku wangapi. Aliuliza, "Mama, hapa usiku hupita nini?" Nikamtajia: vicheche, nguchiro wa kule bondeni, paka, panya, nyoka, siafu mvua zikianza, na wezi. Akasema, "Basi wote hao wanatokea chini. Hela yako tuifukie."

Na tuliifukia. Tulichimba msingi, kozi mbili za tofali zikaingia ardhini, kisha kozi nne juu ya ardhi, kama mita moja hivi, na hapo ndipo wavu ulipoanzia. Ndani tukamwaga jamvi la zege unene wa inchi 3, limeinama kidogo kuelekea mlangoni ili ukiosha maji yatoke yenyewe. Nje kuzunguka banda tukamwaga mkanda wa zege upana wa nusu mita. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta zege anahangaika na kucha palepale, hana akili ya kurudi nyuma nusu mita akaanze upya. Kama zege limekushinda, laza wavu mgumu chini upana huohuo, ufukie kwa udongo na mawe. Kazi ni ileile.

Sasa wavu. Huu wa matundu ya pembe sita tunaouita wavu wa kuku unazuia kuku asitoke, haumzuii anayetaka kuingia. Mbwa anauvuta mpaka unaachia, panya anapita kwenye tundu, nyoka vilevile. Nunua wavu wa kuchomelewa wa matundu ya nusu inchi, ule mgumu ambao ukiukunja kwa mkono unakataa. Ni ghali, najua. Basi upunguze ukubwa wa banda, usipunguze ubora wa wavu. Na usikubali fundi aushike kwa misumari aliyoipinda kichwa. Mzee wangu alipiga misumari ya U, akaubana wavu kwa ubao mwembamba juu yake, kisha akaning'inia kwa mikono miwili na uzito wake wote. Haukuachia. Siku ya kukabidhiwa banda na wewe mwambie fundi wako aning'inie mbele ya macho yako, ndipo umlipe.

Mlango ndiyo kidonda cha mabanda mengi. Jenga kizingiti cha zege, hata cha sentimita 20, ubao ufungie hapo. Upande wa chini wa ubao pigilia kipande cha bati, maana panya hutafuna mbao taratibu na wewe hushtuki mpaka mayai yaanze kupungua. Komeo ziwe mbili, moja juu na moja chini. Komeo moja ya katikati inaacha kona ya chini inapepea, ukiisukuma kwa mguu inafunguka kiasi cha kupitisha mnyama. Umeona? Tumerudi chini tena. Kufuli ni kwa ajili ya wezi, nao wana habari yao. Mimi niliweka nondo nyuma ya wavu upande usioonekana kutoka nyumbani.

Mengine ni ya kawaida. Urefu wa banda ulale kutoka mashariki kwenda magharibi, zile pande fupi ndizo zitazame jua, ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie moja kwa moja ndani. Langu lina mita 4 kwa 3, wanalala kuku 50 bila kubanana. Kwa kienyeji na machotara hesabu kuku 5 kwa kila mita ya mraba. Hewa ipite juu kwenye wavu, na turubai liwepo la kushusha mvua ya upepo ikija, ila liache nafasi juu. Ukiingia asubuhi macho yakakuwasha, hewa haitoshi au maranda yamelowa. Fito za kulalia ziwe kimo kimoja, la sivyo kila jioni wanagombania ya juu. Kiota kimoja kwa mitetea 5. Paa litokeze nje vya kutosha maji yasidondokee ukutani, au uweke mfereji; maji yaleyale ya bati ndiyo yaliyonichimbia kaburi mara ya kwanza.

Siafu wanataka maelezo yao. Ukuta hauwazuii, na kuku aliyefungiwa hawezi kuwakimbia. Mimi nafyeka nyasi mita kadhaa kuzunguka banda, na mvua zikianza naweka mstari mnene wa majivu makavu nje ya ule mkanda wa zege. Mvua ikiyalowesha naweka mengine. Usiku ukisikia kuku wanalia mfululizo, usijigeuze upande wa pili wa kitanda. Toka na tochi, fungua mlango, wape njia.

Kwa vifaranga, adui yuko juu mchana: kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe takataka, na leo Dar es Salaam imejaa wao. Uwanja wa vifaranga uufunike. Nyavu chakavu za wavuvi zinafaa sana, na ukienda kwa wavuvi wanakuuzia kwa bei ndogo.

Na mdondo, yaani kideri, ugonjwa wa kuku, hauzuiliwi na tofali. Chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi 3, kwa kila kuku. Nimeona watu wana mabanda ya maana kabisa na hawajawahi kuchanja, wakapoteza wote ndani ya wiki. Hilo halina mjadala.

Masika ya mwaka huu nilikuta alama za kucha kwenye mkanda wa zege nyuma ya banda, mistari mingi, na udongo wa pembeni umefukuliwa. Mnyama kafanya kazi usiku kucha. Ndani kuku wote wazima, majogoo yanawika. Nilimwita yule jirani wa maneno yake aje aone, akaja, akaangalia, akaniomba namba ya mzee wa Pugu. Nilimpa.

Ndugu zangu, tuache kujenga mabanda kwa ajili ya kupigia picha. Bati la rangi halijamwokoa kuku hata mmoja. Kama hela ni ya bati zuri au ya msingi, weka bati la mtumba uchimbe msingi. Mwenye kuku 10 salama yuko mbele ya mwenye 100 anaowaombea dua kila magharibi.

Nawe wa Kigamboni, sikiliza. Kicheche aliyekula atarudi, njia anaijua, kwa hiyo usinunue kuku wapya wiki hii hata ukipunguziwa bei. Waliokufa wafukie shimo refu. Toa maranda yote ya zamani, choma. Piga chokaa ndani, acha mlango wazi jua liingie mchana kutwa. Fundi akimwaga jamvi na kizingiti, zege limwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7 lisipasuke. Baada ya hapo ndipo uende kuchukua mitetea, na uanze na wachache.