Usiiogope ndege ya panga boi

Mama alisimama kwenye lami pale JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, akaitazama ile ndege ya panga boi, yaani yenye mapanga yanayozunguka mbele ya injini, kisha akaniuliza polepole, "Mwanangu, hii si ya zamani?"

Tulikuwa tunaenda Ukunda, kusini mwa Mombasa, kumwona dada yangu aliyejifungua. Mama magoti yanamsumbua, nami sikutaka ashuke treni ya SGR pale Miritini, Mombasa, halafu aanze kuhangaika na matatu hadi feri ya Likoni. Ndege ilikuwa Dash 8-400 ya abiria 78, aina ambayo shirika la Jambojet hutumia.

Nilimweleza kwamba injini ile ni ya jeti, ila nguvu zake nyingi huenda kuzungusha panga boi badala ya kuisukuma ndege kwa gesi ya moto inayotoka nyuma. Kwa safari fupi hula mafuta kidogo kuliko jeti kubwa, tena hutua kwenye uwanja mfupi kama wa Ukunda. Si uzee, ni kazi yake.

Ukimpeleka mzazi, kata tiketi ya asubuhi. Hili nalisisitiza kuliko yote. Ndege hizi huruka chini kuliko jeti, na jua likishapanda, hewa ya moto inayotoka ardhini huzitikisa. Nimewahi kurudi Nairobi saa tisa alasiri, nikamwona mzee wa watu akishikilia kiti njia nzima. Asubuhi hewa imetulia, na ukikaa upande wa kulia ukitoka Nairobi kwenda Pwani, mawingu yakikubali, utaiona Kilimanjaro. Epuka viti vilivyo sambamba na panga boi. Hapo ndipo kelele huzidi.

Soma tiketi yako inasema uwanja gani. Ndugu yangu mmoja aliwahi kwenda JKIA kumbe ndege yake ya Maasai Mara ilikuwa inaondokea Wilson, kule Lang'ata Road. Kwa msongamano wa Nairobi, hakuiwahi. Na ukiwa unapanda Caravan, zile ndogo za injini moja, kwa kawaida unaruhusiwa kilo 15 tu, tena kwenye begi laini. Sanduku gumu liache nyumbani. Hata kwenye Dash, kabati za juu ni ndogo, kwa hiyo dawa za mzazi zikae kwenye mkoba wake.

Jambo la mwisho ni sauti. Mweleze mapema. Bawa liko juu ya madirisha, na magurudumu hutoka chini ya injini, mbele ya macho yako, kwa kishindo. Asiyejua hudhani kitu kimevunjika. Nilimwambia Mama kabla hatujapaa, kwa hiyo tulipokaribia Ukunda na gurudumu likashuka, yeye ndiye aliyenigusa bega, akanionyesha kwa kidole.