Jozi Tisini Zilizorudi Freeport

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza iwapo mfanyabiashara anaweza kuaminiwa na wateja ambao hawajawahi kumwona wala kuishika bidhaa yake. Anaweza, ila imani hiyo ina masharti yake, nayo yanaonekana wazi katika historia ya L.L.Bean, kampuni ya Marekani iliyojijengea jina kwa kuuza mavazi na vifaa vya uwindaji, uvuvi na kambi kwa njia ya posta.

Mwanzilishi wake, Leon Leonwood Bean, alikuwa mwindaji katika jimbo la Maine, ambako misitu ina ardhi chepechepe na buti za ngozi zilikuwa zikilowa hadi ndani. Alimwomba fundi viatu amshonee ngozi nyepesi juu ya kiatu cha mpira, ili mguu ubaki mkavu bila kubeba uzito wa buti la mpira mtupu. Mwaka 1912 akaanza kuuza buti za aina hiyo katika mji wa Freeport, kwenye chumba cha chini cha duka la ndugu yake. Hakumtangazia kila mpita njia. Alipata orodha ya watu wa nje ya jimbo waliokata leseni za kuwinda Maine, akawatumia waraka wenye ahadi kwamba asiyeridhika angerudishiwa fedha zake. Bahati ilimwangukia pia, kwani tarehe 1 Januari 1913 posta ya Marekani ilianzisha huduma ya vifurushi.

Kati ya jozi 100 za kwanza, 90 zilirudi, maana mpira ulichanika pale uliposhonewa ngozi. Bean alirudisha fedha, akakopa, akatafuta mpira imara zaidi, akaanza upya. Kampuni hupenda mno kuyasimulia haya, na si ajabu, kwa kuwa yanaipamba. Mimi navutiwa zaidi na ile orodha ya leseni: muuzaji alijua kila jozi ilikwenda kwa nani na ingetumika wapi, na mnunuzi naye alijua pa kuirudisha. Ahadi ya namna hiyo ilikuwa na mipaka hata kama haikuandikwa.

Biashara ilikua, na tangu mwaka 1951 duka la Freeport limekuwa likifunguliwa usiku na mchana, kwa kuwa wawindaji walipita saa zozote. Bean alifariki mwaka 1967, na mjukuu wake, Leon Gorman, akaliongoza shirika hadi mwaka 2001, akilipanua mbali na wawindaji hadi kwa familia za mijini.

Hapo ndipo ahadi ilipoanza kulemea. Wako waliorudisha nguo zilizochakaa baada ya miaka mingi ya kuvaliwa, na wengine walidai fedha kwa vitu walivyovinunua katika minada ya majumbani, ambavyo sisi tungeviita mitumba. Februari 2018 kampuni iliweka kikomo cha mwaka mmoja, tena kwa risiti. Baada ya hapo inasikiliza madai ya kasoro za kiwandani tu. Wapo walioona kuwa urithi wa mzee umesalitiwa. Sikubaliani nao: Bean alirudisha fedha za kiatu kilichoshonwa vibaya, hakuahidi kumnunulia mtu kiatu kipya kila cha zamani kinapochakaa.

Msomaji wenu