Kabati la mama yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ukija mwisho wa wiki tutaweza kulimaliza kabati la mama yako kwa siku mbili, na kama kuzigawa nguo zake si sawa na kumfukuza nyumbani kwake. Njoo. Ila kumaliza hatutamaliza, wala sitaki tumalize.

Visivyosubiri nimeshavishughulikia. Dawa zilizobaki nimezirudisha duka la dawa. Makaratasi yote yamo kwenye boksi moja, sijatupa hata risiti. Laini yake ya simu nimeiacha hai, maana ujumbe wa benki bado unaingia humo, na picha zake nyingi zimo kwenye simu hiyo. Vya thamani havitoki hapa mpaka mirathi ikamilike. Nalisema mapema, nisije nikawaona mnagombania pete.

Nguo ndizo zilizonishinda. Wiki ya pili nilijikaza, nikalikunja lile sweta lake la kijivu na kulitia kwenye mfuko wa vya kugawa. Usiku wa manane nikaamka kulitafuta. Lilikuwa bado na harufu yake. Harufu, mwanangu, haina mzunguko mrefu. Huenda karibu moja kwa moja pale ubongo unapotunza hisia na kumbukumbu. Siku ya mazishi sikutoa chozi, lakini usiku ule nililia mpaka kukakucha. Sasa nimelifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa, bila kulifua. Nakuomba usilifue.

Kwa hiyo hapana, hutamfukuza. Nguo zisizotusemesha tutazitoa, zivaliwe. Mama yako hakupenda kuona nguo imekaa bure. Lakini pekua mifuko ya kila nguo kwanza. Katika koti lake nimekuta kikaratasi chenye vipimo vya miguu yako ulipokuwa darasa la kwanza. Sijui alikitunzaje miaka yote hiyo. Ni chako.

Kuna picha za zamani pia. Shangazi zako ndio waliobaki wanaozijua zile sura, basi tuwaulize sasa, tuandike majina nyuma kwa penseli laini, maana wino hupenya.

Ukichoka, tutaacha. Miwani yake ipo pale pale kando ya kitanda, juu ya kitabu alichokiachia katikati. Hiyo usiiguse. Nikiwa tayari nitakuita.

Baba yako